Kapteni Aliyekataa Kufyatua

Wapendwa, tukisifu ujasiri wa vitani huwa tunamsifu aliyesonga mbele. Leo nawahubiria habari za askari aliyesimama.

Alfajiri ya tarehe 29 Novemba 1864, huko Colorado, Marekani, wapanda farasi wapatao 675 waliivamia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho kando ya kijito cha Sand Creek. Watu wale walikuwa wameambiwa na wakubwa wa ngome ya Fort Lyon wakae pale, watakuwa salama. Black Kettle, chifu wa Wacheyenne, alipandisha bendera ya Marekani juu ya hema lake, pamoja na kitambaa cheupe. Risasi zikaja hivyohivyo, na mizinga ikafuata. Waliuawa watu wapatao 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee.

Aliyetoa amri ni nani? Kanali John Chivington, mchungaji wa Kimethodisti! Alishika Biblia kabla hajashika upanga. Watumishi wenzangu, tusipite hapa haraka. Mimbari haikumzuia.

Kapteni Silas Soule, kijana wa miaka 26, alikuwepo na kikosi chake. Kabla hawajatoka ngomeni aliwaambia maofisa wenzake waziwazi kwamba atakayeshiriki uvamizi huo ni mwoga, hata akaonywa kuwa uhai wake uko hatarini. Kulipokucha akawaamuru watu wake wasifyatue risasi. Wakamtii. Luteni Joseph Cramer naye akakataa.

Mnakumbuka walinzi wa mfalme Sauli? Waliamriwa wawaue makuhani wa Nobu, wakagoma. Akapatikana Doegi Mwedomi, akaifanya kazi ile. Doegi hakosekani! Basi usiniambie, ndugu yangu mwenye bunduki, kwamba hata ukikataa wewe atafanya mwingine. Na afanye. Wewe baki shahidi.

Soule alibaki shahidi. Wiki mbili baada ya mauaji yale alimwandikia Meja Edward Wynkoop barua, akaeleza aliyoyaona: watoto wamepiga magoti, wakipondwa vichwa. Februari 1865 akasimama mbele ya tume ya kijeshi mjini Denver, mji uleule uliowapokea wauaji kwa shangwe, akayasema yote. Tarehe 1 Aprili akaoa. Tarehe 23 mwezi huohuo, usiku, akiwa zamu ya kulinda mji, akasikia milio ya risasi, akaenda kuangalia, akauawa. Askari aliyempiga, Charles Squier, alikamatwa New Mexico, akarudishwa Denver, akatoroka, asihukumiwe kamwe. Chivington alikuwa ameshaacha jeshi. Hakuna mahakama iliyomgusa. Ndivyo nchi inavyokuwa pale bunduki inapogeuka sheria, na msidhani ni mambo ya Colorado peke yake.

Hata hivyo ushahidi haukuzikwa naye. Gavana wa Colorado, John Evans, alilazimika kuachia kiti mwaka uleule kwa sababu ya mauaji yale, na wazao wa walionusurika Sand Creek humheshimu Soule hadi leo.

Wazazi mnaopeleka vijana depo, najua mnawaombea warudi salama. Waombeeni pia wawe na moyo wa kukataa. Mweleze mwanao habari za Soule kabla hajapanda basi, zote, pamoja na ile risasi ya Denver, asije akasema baadaye kwamba hakuambiwa gharama.