Vitabu vya Bure vya Kijana wa Diff

Kijana wa kisa hiki simpi jina. Nimemuunda kutokana na wanafunzi wengi, na yeyote aliyefundisha Wajir Kusini atamtambua: yule ambaye kufikia kidato cha pili ameshamaliza vitabu vyote vya kabati la shule, anayesoma hata gazeti lililofungiwa sukari. Kwao ni Diff, mpakani kabisa na Somalia. Ukitaka riwaya mpya huko, unamwagiza msafiri anayetoka Wajir, Garissa au Nairobi, kisha unasubiri.

Abti yake, yaani mjomba wake, mfanyabiashara wa Garissa, alimletea simu yenye kioo kikubwa. "Hii si ya kutazamia mpira peke yake, abti," alimwambia. "Soma."

Alisoma kweli. Siku ya pili tu alikuta programu ya vitabu iliyotangaza mwezi mmoja bure na miezi mitatu ya nusu bei, maelfu ya riwaya, pesa zikikatwa kwenye kredo. Akabonyeza kukubali. Jioni, mtandao ukiwa na nguvu, alipakua riwaya tatu nne. Usiku akazisoma nje, kwenye mkeka. Akajifunza kupiga mstari wa manjano chini ya sentensi zilizompendeza, na pembeni akaandika maoni yake, mengine kwa Kiswahili, mengine kwa Kisomali. Miezi ikapita, maoni yakawa mengi kuliko insha zote alizowahi kuandika shuleni.

Kitabu kingine cha bure kilimfikia kwenye kundi la darasa. Mtu alituma nakala ya PDF ya Nguu za Jadi, riwaya ya Clara Momanyi iliyowekwa kwa mtihani wa fasihi. Darasa zima lilishukuru. Kijana akaihifadhi, na kwa kuwa alikuwa na riwaya nyingine za kumaliza, akaiacha hadi muhula wa tatu.

Muhula huo ndio uliomfunza. Miezi ya nusu bei iliisha, bei kamili ikaja, na kredo haikutosha. Majalada yote yalibaki yamepangwa vizuri kwenye kioo, lakini kila alilogusa lilimtaka alipe. Maandishi yake ya pembeni yalikuwa mle ndani, nyuma ya kufuli lile lile. Alipoahidiwa kredo na abti yake, mtandao ukapotea mjini. Wanaokaa Garissa, Wajir na Mandera hawahitaji kuelezwa hili: minara ya mawasiliano imeshalipuliwa na Al-Shabaab mara nyingi katika kaunti hizo, na mnara ukianguka haupiti ujumbe wala pesa mpaka mafundi wafike, nao hawafiki bila ulinzi. Ndipo akaifungua ile PDF. Mtu aliyeipiga picha alikuwa na haraka. Kurasa kadhaa zilikuwa nusu ukurasa, nyingine zilikuwa kivuli cha kidole, na sehemu nzima ya katikati haikuwepo.

Alimwendea adeer yake, yaani ami yake, mzee aliyesomea Wajir mwishoni mwa miaka ya 1990.

"Adeer, vitabu vyangu vimefungwa."

"Vyako? Ulivinunua?"

"Vilikuwa vya bure. Halafu nusu bei."

"Vyetu pia vilikuwa vya bure," mzee akasema. "Lakini mwenye ngamia alikuandika jina, akakwambia siku ya kurudi. Siku hiyo unarudisha kitabu, na ulichokinakili kinabaki daftarini mwako. Hawa wako walikwambia watarudi lini?"

Kijana hakujua. Siku hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye masharti aliyoyakubali bila kuyasoma.

Mzee alikuwa akizungumzia maktaba ya ngamia. Mwaka 1996 KNLS, shirika la maktaba la taifa, lilianza Garissa na ngamia watatu, kwa sababu magari hayakuweza kuwafuata wafugaji mchangani; baadaye huduma ikafika Wajir. Ngamia mmoja alibeba masanduku ya vitabu, vipatavyo 400, mwingine alibeba hema, na mkutubi alitandika mikeka chini ya mti karibu na shule au manyatta. Watoto walioguswa na mpango huo leo ni watu wazima, baadhi yao walimu.

Nimekitunga kisa hiki kwa ajili ya jibu la yule mzee. Wengi wakisikia yaliyompata kijana watasema kosa lake ni kupenda vya bure, kwamba rahisi ni ghali. Sikubaliani nao. Maktaba ya ngamia ilikuwa ya bure, nayo haikumdhulumu mtu. Haikumpa mtoto kitabu kiwe chake, ilimwazima, na ilimwambia wazi kwamba inamwazima. Bure yenye heshima husema mapema kitu ni cha nani, kinarudi lini na nini kitabaki mkononi mwako. Bure ya programu ile iliyasema hayo pia, lakini iliyasema mahali ambapo mtoto wa miaka 17 hatazami, ilhali neno BURE liliwekwa mahali ambapo hawezi kutolitazama.

Wala msidhani haya huwapata watu wa mpakani tu. Julai 2009, wasomaji nchini Marekani waliokuwa wamenunua nakala za bei ya chini za 1984 na Animal Farm za George Orwell walifungua Kindle, vifaa vyao vya kusomea, wakakuta vitabu havipo. Kampuni ya Amazon, yenye duka hilo, ilikuwa imevifuta kutoka mbali, ikawarudishia pesa zao. Kampuni nyingine iliyoviweka dukani humo haikuwa na haki ya kuviuza Marekani. Orwell alifariki Januari 1950, na katika nchi ambako hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufa, kazi zake zilikuwa zimeshakuwa huru. Marekani bado zina mwenyewe. Mwanafunzi mmoja wa Michigan alikuwa akiisoma 1984 kwa kazi ya likizo, na maelezo aliyoyaandika yalibaki yakitaja mahali katika kitabu ambacho hakipo tena. Mkuu wa Amazon wakati huo, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani na kukiita kitendo hicho cha kijinga. Mwanafunzi alishtaki, na kesi ikamalizwa kwa dola 150,000, pamoja na ahadi ya kampuni kwamba haitawafutia wasomaji wa Marekani vitabu kwa namna ile, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa.

Miaka kumi baadaye Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Tangazo lilitoka Aprili 2019, na kuanzia Julai vitabu vikaacha kufunguka, pamoja na vile vilivyochukuliwa bure. Walionunua walirudishiwa pesa, na waliokuwa wameandika maelezo pembeni waliongezewa dola 25. Hiyo dola 25 naifikiria sana. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba alama za msomaji zina thamani, ikazipa bei, kisha ikazipoteza.

Na Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua kitabu ulichokinunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Msomaji wa Nairobi huenda hakuhisi kitu. Lakini mahali ambapo mtandao huja na kwenda, waya ndio uliokuwa barabara ya kitabu: mtu mmoja anakwenda mjini, anapakua, anarudi, anahamisha. Sasa kifaa chenyewe lazima kifike penye mtandao.

Kwa hiyo nina neno kwa wanafunzi, na kwa abti na adeer wanaowanunulia simu. Kabla ya kukitegemea kitabu, zima data uone kama kinafunguka. Programu nyingi za kulipia kwa mwezi hukuruhusu kupakua, lakini mara kwa mara hurudi kuulizia kwa mwenye duka kama bado umelipa, na zisipopata mtandao wala malipo hufunga. Ikiwa kitabu ni faili la kawaida, unaweza kulitia kwenye kadi ya memori, ukampa mwenzako, likafunguka hata mnara ukiwa chini. Riwaya nzima ikiwa maandishi matupu ni ndogo kuliko picha moja ya kamera ya simu.

Mafaili ya namna hiyo yapo, tena ya halali. Michael Hart aliuanza mradi wa Gutenberg tarehe 4 Julai 1971, alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Illinois, kwa kuchapa Azimio la Uhuru la Marekani kwenye kompyuta. Leo mradi una vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo kwa sehemu kubwa hakimiliki yake imekwisha Marekani. Vingi ni vya Kiingereza na vya zamani, jambo ambalo kwa mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa KCSE si hasara. Kwa wadogo kuna African Storybook, hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, zilizotolewa kwa leseni inayomruhusu mwalimu kuzipakua, kuzichapa na hata kuzitafsiri. Mwalimu wa gredi ya kwanza mwenye simu moja na printa ya kukodi anaweza kutengeneza maktaba ya darasa, na hana haja ya kumficha mtu.

Sheria ya Kenya nayo inafaa kujulikana. Hakimiliki ya kazi ya fasihi hudumu uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kwa hesabu hiyo Orwell, aliyeleta mtafaruku kule Marekani, kwetu alikuwa huru tangu 2001. Lakini tafsiri ina mwenyewe mwingine. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Kiswahili ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, haikuwa huru kwa sababu tu Animal Farm imekuwa huru. Watu huchanganya mambo hayo mawili, hata walimu.

Kuhusu bei zilizopunguzwa sina ugomvi mkubwa. Mwandishi anayetoa kitabu cha kwanza cha mfululizo bure ili ununue cha pili anafanya kama mama anayeuza maziwa ya ngamia sokoni akakuonjesha kikombe. Ukipenda utanunua, usipopenda umepata kikombe. Ninachokichukia ni punguzo linalojigeuza kuwa malipo ya kila mwezi bila wewe kuulizwa tena. Na tovuti inayokutaka namba ya simu ndipo ikupe kitabu cha bure, iache. Kuna zinazokuandikisha kwenye huduma ya ujumbe, kredo ikakatwa kidogo kidogo kila siku, na mama yako akadhani wewe ndiwe unayemaliza kredo kwa video.

Ile PDF ya kundi la darasa ni jambo jingine, na hapa naomba tusemezane kwa ukweli. Clara Momanyi hakuitoa riwaya yake bure. Mchapishaji hakuitoa. Aliyeipiga picha alitoa kisichokuwa chake, na darasa likapokea kwa dua njema. Najua bei ya kitabu kwa familia iliyopoteza mifugo kwa ukame, na simhukumu mtoto. Nawalaumu watu wazima tunaosambaza: walimu, maafisa, wazazi wenye mshahara. Ken Walibora, aliyeandika Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea, alifariki Aprili 2020, na nakala za wizi za vitabu vyake zinaendelea kuzunguka kwenye simu za watu wanaosema walimpenda. Mwandishi wa Kiswahili hula asilimia ndogo ya bei ya kila nakala inayouzwa. Vitabu vya mtihani ndivyo vinavyouzwa kwa wingi. Tukiviiba hivyo, tumemwachia nini? Zaidi ya haki kuna ubora: mwizi wa kitabu hahakiki kurasa. Mtoto wa Diff hana nakala ya pili ya kulinganisha, kwa hiyo ndiye wa mwisho kugundua kwamba riwaya aliyonayo ina shimo katikati.

Shule inaweza kununua nakala tano halali, darasa likasoma kwa sauti, watano wakishika kitabu na wengine wakiandika. Ni njia ya zamani, na kwa fasihi ni njia nzuri kweli, kwa sababu hoja huzaliwa pale mmoja anaposema "ngoja, rudia hapo."

Kijana alifanya hivyo akiwa amechelewa. Yeye na wenzake walichanga pesa, abti akanunua Nguu za Jadi Garissa, ikaja juu ya lori la bidhaa. Kwa ajili ya maandishi yake ya pembeni alisafiri hadi Habaswein penye mtandao, abti akamtumia kredo ya mwezi mmoja kwa bei kamili, na akakaa siku nzima karibu na duka la kuchajia simu akinakili kila alichoandika kwenye daftari la kurasa 96. Riwaya moja haikuwemo tena. Programu ilikuwa imeiondoa, na maoni yake yalikwenda nayo. Hiyo ndiyo aliyokuwa ameiandikia zaidi, kwa Kisomali, maana ilisimulia familia iliyovuka mpaka. Alipojaribu kuyakumbuka aliyoyaandika alipata sentensi chache.

Mtihani ulipofika, swali la riwaya lilitoka katika sehemu iliyokosekana kwenye PDF, ambayo alikuwa ameisoma mara moja tu, wiki moja kabla, kwa zamu na wenzake. Alijibu kadiri alivyoweza. Nduguye mdogo sasa yuko sekondari, simu imehamia kwake, na sharti alilowekewa na kaka yake ni kwamba kila anachopenda kitabuni akiandike kwanza kwenye daftari.