Sauti ya Sikio Moja

Teknolojia ya Bluetooth ilianza kubuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson, huko Lund, Uswidi. Baadaye ilipewa jina la utani la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyesifika kwa kuwaunganisha watu. Leo inaunganisha simu na redio ya gari bila waya. Simu hukaa mfukoni, na nyimbo au mawaidha yakasikika katika spika zote. Jambo hilo ni jema, wala sina ugomvi nalo.

Swali langu linahusu simu inapoita. Muziki hukatika, dereva akabonyeza kitufe, na sauti ya mpigaji ikalijaza gari zima. Nimepata kupanda gari la kijana niliyemfundisha zamani, tukiwa abiria watatu. Dada yake alipiga, na kabla hajajibiwa salamu akaanza kulia na kueleza mambo ya ndoa yake. Sote tukageuka kutazama madirishani, kana kwamba macho ndiyo yaliyokuwa yakisikia.

Je, dada yule alitendewa haki? Wapo watakaosema kwamba dereva hana budi kushika usukani kwa mikono miwili. Ni kweli. Wengine watasema asiye na ubaya hana cha kuficha. Hapo sikubaliani nao. Siri si lazima iwe uovu. Machozi si uovu, ugonjwa si uovu, deni si uovu. Hata hivyo kila mtu ana haki ya kumchagua wa kumweleza. Neno lililokusudiwa sikio moja ni amana, na anayelipokea ndiye mlinzi wake.

Kwa hiyo naona wajibu wa kwanza ni wa dereva: atangulize maneno machache, “Niko na watu garini,” kabla ya salamu. Ama katika simu nyingi anaweza kuzima upande wa maongezi, akabakiza wa muziki. Wajibu wa pili ni wetu abiria: tuliyoyasikia bila kualikwa tusishuke nayo.

Mashine haijui kutofautisha wimbo na kilio. Vyote kwake ni sauti. Kutofautisha ni kazi yetu, na hakuna kitufe kitakachotufanyia.