Breki Zilizojaribiwa Uani

Kisa hiki ni cha Mtanzania mmoja, mkazi wa Denver katika jimbo la Colorado, aliyekuwa utingo wa malori ya Zambia kabla ya kuhamia Marekani. Mteremko wa Kitonga, kwenye barabara ya kwenda Zambia, aliujua kwa sauti ya injini. Basi aliponunua tela dogo la kulala, la mtumba na lisilo na breki, aliamua kuzifunga mwenyewe. Nani angemfundisha breki mtu aliyekulia chini ya lori?

Lakini malori yetu husimama kwa breki za upepo, na tela dogo la Marekani ni habari nyingine. Ndani ya dramu mna sumaku iliyoshikizwa kwenye mkono wa chuma. Dereva akikanyaga breki, kontrola iliyo karibu na usukani hupeleka umeme nyuma. Sumaku hunasa kwenye uso wa dramu inayozunguka, ikakokotwa nayo, na ule mkono ukasukuma viatu vya breki vikabana. Kazi kubwa hufanywa na mzunguko wa dramu yenyewe. Gurudumu likiwa limesimama, sumaku inaweza kunguruma vizuri tu na bado usijue kama tela litasimama.

Kwamba tela lile lilihitaji breki, hilo halina ubishi. California hudai breki kwa matela ya kulala kuanzia pauni 1,500, yaani kilo 680 hivi. Majimbo mengi huanzia pauni 3,000. Watu hubishana juu ya namba hizo utadhani mlima nao unasoma sheria.

Jamaa alianza vizuri. Alikagua ekseli, akakuta ina bamba la matundu manne ya bolti za breki. Matela mengi madogo hayana bamba hilo, na hapo huna budi kulichomelea au kubadilisha ekseli nzima. Akaagiza breki za inchi 10 na dramu zake. Plagi ya zamani ilikuwa ya pini nne, ya taa tu. Akaitoa, akaweka ya pini saba, yenye waya wa buluu wa breki.

Makosa yaliingia kimyakimya. Kila breki ina viatu viwili visivyolingana: kimoja kina kitambaa kifupi, kingine kirefu, na chenye kifupi hukaa mbele, upande tela linakoelekea. Kwa hiyo kuna breki ya kushoto na ya kulia, na ndani ya boksi zinafanana kama mapacha. Alizifunga kinyume. Waya wa ethi aliukaza kwa bolti kwenye fremu yenye kutu, juu ya rangi bila kuikwangua. Kigurudumu cha meno kinachosogeza viatu karibu na dramu hakukigusa kabisa, wakati utaratibu ni kukikaza mpaka gurudumu liwe zito kulizungusha kwa mkono, kisha kukirudisha meno kama kumi.

Jioni akamwita mkewe akae kwenye usukani.

“Mama watoto, kanyaga! Taa ya kontrola imewaka?”

“Imewaka, baba.”

Akainama, akazisikia sumaku zikinguruma, akakusanya spana zake. Kazi imekwisha.

Taa ile husema kwamba umeme umepata njia. Haisemi ni umeme kiasi gani. Sumaku moja ya inchi 10 hutaka ampea 3 hivi, mbili zinataka 6, na ethi yenye kutu haiwezi kupitisha kiasi hicho. Kipima ampea kingemwonyesha hivyo palepale uani.

Wakaondoka kuelekea magharibi kwa barabara ya I-70. Kupanda hadi kwenye handaki la Eisenhower, kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, hakukuwa na shida. Mlima wa kupanda haufichui breki mbovu. Ukitoka handakini barabara hushuka hadi Silverthorne, zaidi ya mita 600 kwa maili kama nane. Gari lilikuwa la otomatiki, na jamaa, ambaye kwenye lori angeshuka na gia aliyopandia, aliliacha kwenye D. Tela likaanza kumsukuma. Harufu ya breki kuungua ikaingia ndani, pedali ikazama. Akabana kontrola kwa mkono: taa ikawaka vizuri kabisa, na tela likazidi kusukuma.

Kilichowaokoa ni njia ya changarawe iliyotengwa kwa ajili ya malori yaliyoshindwa kusimama. Gari lilizama mpaka ekseli. Hakuna aliyeumia, ila gharama ya kuvutwa ilizidi bei ya breki.

Fundi aliyefungua dramu alikuta yote niliyoyataja, na moja zaidi ambalo kwangu ndilo la kutisha kuliko yote. Tela lenye breki za umeme huwa na swichi ya dharura na betri yake: likichomoka, kamba huvuta pini na breki zikajibana zenyewe. Kamba ile jamaa aliifunga kwenye kiungo kilekile kinachoshika tela. Kiungo kingeng'oka, kamba ingeondoka nacho bila kuvuta pini. Hufungwa kwenye mwili wa gari.

Nawe ukifunga breki zako, nenda kwenye uwanja mtupu, ulio tambarare. Endesha polepole, kisha ubane kontrola kwa mkono bila kugusa pedali: unatakiwa uhisi tela likikuvuta nyuma. Halafu vizoeshe viatu vipya kwa kupunguza mwendo kutoka maili 40 hadi 20 kwa saa, mara 20 hadi 30, ukiziacha breki zipoe kila mara. Usipohisi kuvutwa, safari iahirishwe, hata kama taa inawaka.