Nani Amuulize Kijana?

Tumeulizwa na mmoja katika wasomaji wetu: "Wataalamu wa zamani hizi wafanya utafiti kutaka kujua ni kitu gani kiwapacho vijana maana ya maisha, na wengine wasema kwamba vijana wenyewe washirikiane nao katika kuuongoza utafiti huo. Je, yafaa mgonjwa amuongoze tabibu wake?"

Swali hili ni zuri. Nasi twakiri kwamba lau tungeliulizwa miaka mitano iliyopita tungelijibu kwa neno moja tu: haifai. Leo hatuwezi kujibu hivyo, na sababu yake tutaieleza, japokuwa haina sifa kwetu.

Kwanza yataka kupambanua mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Lengo la kuumbwa mwanadamu ni jambo moja, na sisi Waislamu hatulitafuti kwa kuuliza watu njiani, tumekwisha kuambiwa. Lakini je, lengo hilo limo ndani ya moyo wa kijana fulani wa mtaa wetu, aamkaye asubuhi akaiona siku iko tupu mbele yake? Hilo ni jambo jingine, na hapana awezaye kutupa khabari yake ila yeye mwenyewe. Nahodha huijua bandari aiendeayo. Pamoja na hayo hana budi kujua chombo chake kiko wapi usiku huu. Asipolijua hilo, kule kuijua bandari hakumfai kitu.

Wenzetu wa Ulaya walilianza jambo hili zamani. Bibi mmoja mtaalamu wa elimu ya nafsi, Charlotte Bühler, alitoa kitabu mwaka 1922 juu ya maisha ya moyoni ya vijana, na katika kukiandika alitegemea madaftari ambayo vijana walikuwa wakiandika khabari zao za kila siku. Msomaji na aizingatie njia hiyo. Aandikaye daftari la siri hamjibu mtu, wala hatazami uso wa muulizaji ajue ni jawabu gani litakalompendeza. Mwaka 1928, katika mji wa Vienna, Viktor Frankl, naye akiwa kijana wa miaka 23, aliandaa vituo vya kuwashauri vijana bila ya malipo. Huyu ndiye aliyekuja kufungwa katika kambi za Manazi, akatoka hai, na mwaka 1946 akatoa kitabu chake mashuhuri juu ya mtu kutafuta maana ya maisha yake. Na karibu na zama zetu, Mmarekani William Damon aliandika mwaka 2008 kwamba katika vijana aliowachunguza yeye na wenzake, yapata mmoja tu katika watano ndiye aliyekuwa na lengo alijualo wazi na kulishughulikia. Tena yeye halihesabu kuwa ni lengo jambo limpendezalo mtu peke yake. Sharti manufaa yake yavuke yawafikie wengine. Sharti hilo twalikubali.

Basi kosa liko wapi? Kosa huingia mlangoni, pale swali linapotungwa.

Mwaka 1925 Margaret Mead, Mmarekani, yeye pia akiwa na miaka 23, alikwenda visiwa vya Samoa katika bahari ya Pasifiki kuchunguza maisha ya wasichana wa huko. Alitoa kitabu mwaka 1928, kikaenea duniani, kikasomeshwa vyuoni, kikisema kwamba ujana wa Samoa ni mwepesi na hauna dhiki kama ujana wa Marekani. Yeye alifariki mwaka 1978. Mwaka 1983 mtaalamu mwingine, Derek Freeman, alitoa kitabu cha kumpinga, na mwaka 1987 mama mmoja wa Kisamoa, aliyekuwa rafiki wa Mead tangu ujanani na sasa amekuwa kizee, alisema kwamba yeye na mwenzake walikuwa wakimtania tu. Wako wataalamu waliosimama kumtetea Mead, wakasema kitabu chake hakikujengwa juu ya utani huo; wala sisi si makadhi wa kesi hiyo. Litushughulishalo ni hili: ilipita karibu miaka 60 kabla ya yule mama kuulizwa mbele ya dunia kama yaliyoandikwa yalikuwa sawa. Hakuwako alipokuwa mwandishi akiamua ni lipi la kuuliza, wala hakuwako alipokuwa akiamua ni lipi la kuandika.

Sasa tuje kwetu wenyewe, maana ni rahisi kuwacheka walio mbali.

Darsa yetu, miaka mitano nyuma, iliona vijana wanapungua msikitini na wanaongezeka vibarazani usiku. Tukakutana watu wazima saba, wote wenye kusomesha, tukaandika maswali kumi na mawili. Tukawaita vijana kumi na sita baada ya sala ya Isha, tukawapa chai na mahamri, tukawauliza mmoja mmoja mbele ya wenzao. Swali la kwanza lilikuwa: "Ni nini maana ya maisha yako?" Wote kumi na sita walijibu vizuri mno. Kumwabudu Mungu, kuwatii wazazi, kutafuta elimu. Tukayaandika, tukafurahi, tukarudi majumbani mwetu tukisema kwamba hali si mbaya kama ilivyodhaniwa.

Haukupita mwaka, mama wa mmoja wao akatujia akilia. Mwanawe alikuwa akitumia unga, naye alikwisha kuuza cherehani ya nyumbani na pete ya mamake. Tukaenda kumwona. Tulimuuliza, na lau tungelikuwa na akili zaidi siku ile tusingelimuuliza kwa ukali: "Mbona hukutwambia usiku ule?" Akajibu kwa adabu, bila ya kuinua macho: "Sheikh, hamkuniuliza mimi. Mliuliza swali ambalo jawabu lake mlikuwa nalo, nami nikawapa lenu." Tena akatwambia kwamba usiku ule ule, alipokuwa akijibu, unga ulikuwa mfukoni mwake.

Hatukupata la kumjibu. Tulikuwa tumesomesha miaka ishirini, na kijana asiyemaliza shule alitufunza jambo ambalo hatukulijua.

Roger Hart, aliyeandika kwa ajili ya shirika la UNICEF mwaka 1992, alipiga mfano wa ngazi yenye vidato vinane kueleza namna watoto na vijana wanavyoshirikishwa katika mambo ya wakubwa. Vidato vitatu vya chini, asema, si kushiriki hata kidogo: cha kwanza kijana hutumiwa kwa hila, cha pili huwekwa kama pambo, cha tatu huitwa ili ionekane tu kwamba aliitwa. Tuliposoma maneno hayo tulijiona. Ni mara ngapi tumemsimamisha kijana mbele ya jamaa asome karatasi tuliyomwandikia, kisha tukasema vijana wamesema?

Na hapana udhuru wa kusema kwamba hii ni desturi ya kigeni. Sayyidna Umar alikuwa akimwingiza Ibn Abbas, naye bado kijana, katika baraza la wazee waliopigana Badr, hatta baadhi yao wakanung'unika kwamba na wao wana watoto wa umri wake. Siku moja Umar akawauliza wote juu ya Suratun-Nasr. Wengine walijibu kwa dhahiri yake, wengine wakanyamaza, kijana ndiye aliyesema kwamba ndani yake mna khabari ya kukaribia ajali ya Mtume (S.A.W.). Umar akasema naye halijui ila hilo. Tazama: hakumwita kuwa pambo. Alimuuliza swali la kweli, na jawabu lake likahesabiwa.

Lakini tusije tukaruka upande wa pili tukaanguka. Wako wasemao siku hizi kwamba waachiwe vijana peke yao, wataalamu wakae pembeni. Hayo nayo tuliyajaribu, na yakatutia hasara. Rafiki akimuuliza rafiki, mara nyingi apata majisifu. Wawili katika vijana wetu walikwenda kueneza kibarazani yale waliyoambiwa kwa siri, na mmoja wa walioulizwa hajatusamehe mpaka leo. Kuificha siri ya mtu, kumwachia uhuru wa kukataa, kutomuelekeza kwenye jawabu, kutohukumu watu mia kwa neno la mtu mmoja: haya ni elimu, nayo yana watu wake waliojifunza. Tukamuomba mwalimu mmoja aliyesoma kazi hiyo akae nasi, akae na wao vilevile.

Maswali ya safari hii wameyaandika wao, naye akayanyoosha. Neno "maana" halimo hatta mara moja. Liko moja lisemalo: "Lau ungetoweka wiki nzima, ni nani wa kwanza angekutafuta, na angekutafuta kwa haja gani?" Liko jingine: "Jana ulifanya jambo gani ambalo mtu mwingine alilihitaji?" Tulipoyasoma tulinyamaza, maana si kijana peke yake ambaye hulemewa na maswali hayo. Yule kijana wa unga, ambaye sasa yuko katika matibabu na hali yake yapanda na kushuka, ndiye aliyeliandika la kwanza.

Mzozo ulikuwa juu ya swali la tisa. Vijana waliandika: "Je, watu wazima wa mtaani kwako wawaona kuwa wana raha na maisha yao?" Wazee wanne katika saba walitaka lifutwe, wakasema ni utovu wa adabu, na sisi tulikuwa miongoni mwa hao wanne. Mwalimu akasema likifutwa yeye ataondoka. Tukazozana mpaka karibu saa sita ya usiku, kisha mkubwa wetu kwa umri, ambaye hakuwa amesema lolote, akauliza kwa sauti ndogo sisi twaogopa wajibu nini. Swali limebaki, na karatasi zitagawanywa Ijumaa ijayo.