Nani Aweke Alama ya Hatari?

Kule Marekani sheria inamruhusu mtu kujiundia ndege kwenye gereji yake, ilimradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Kabla haijaruka, mkaguzi huja kuitazama. Ila kuna kazi moja ambayo huachiwa muundaji mwenyewe: kukifundisha kipimo cha pembe ya bawa mahali hatari inapoanzia. Kwangu mimi hilo ni swali la maadili kabla ya kuwa la ufundi.

Kipimo hicho huonyesha pembe ambayo bawa linakutana na hewa inayolijia. Wengi tunadhani ndege huanguka kwa kupunguza mwendo tu. Siyo hasa. Bawa huacha kuibeba ndege pembe hiyo inapozidi kikomo, kwa mabawa mengi nyuzi 15 hivi au zaidi kidogo, na hilo laweza kutokea kwa mwendo wowote. Ndege inayofika kikomo kwenye kilomita 100 kwa saa ikiruka sawasawa, ukiilaza nyuzi 60 katika kona bila kuiacha ishuke, itakifika kwenye 141 hivi. Wolfgang Langewiesche alilieleza jambo hili mwaka 1944 katika kitabu chake Stick and Rudder.

Sasa, kipimo kipya hakijui lolote kuhusu ndege yako. Inabidi upande juu, penye nafasi ya kuporomoka na kujinyanyua, upunguze mwendo taratibu huku ukiinua pua, mpaka bawa lenyewe likatae. Kutokana na hapo ndipo unapoweka alama.

Mtego uko hapo. Mwamba ngoma huvutia kwake. Muuza sukari hajihakikii mizani. Mkaguzi huja na mawe yake. Huyu wetu ndiye muuzaji, ndiye mkaguzi, na jiwe analitafuta mwenyewe angani. Akiwa mwoga ataweka alama mapema mno, king'ora kilie kila anapotua hadi sikio lizoee. Akiwa na majivuno ataiweka mbele kidogo, kwa vile anaiamini kazi ya mikono yake. Wote wawili wamesema uongo, na siku hiyo hakuna atakayewauliza.

Utaniambia: ndege yake, shingo yake, wewe inakuhusu nini? Hapana, bwana. Katika saa za majaribio abiria haruhusiwi, lakini zikiisha atapanda mke, atapanda rafiki, na pengine miaka kumi baadaye ndege itauzwa. Huyo mnunuzi, akiwa kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua, ardhi iko karibu, atausikiliza mlio uliopangwa na mtu asiyemjua. Kwake mlio ule ni ahadi.

Kuna wanaoamini kwamba mtu mwema ni yule asiyekaribia kikomo chake kamwe. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Asiyewahi kujua uvumilivu wake unaishia wapi, au uaminifu wake unaanza kuyumba kwa bei gani, anawapa wengine ahadi ya kukisia. Bora ajijaribu. Ila ajijaribu kama rubani yule: juu, penye nafasi ya kujinyanyua, na kiti cha pembeni kikiwa kitupu.