Saa ya Mbizi na Kiwele cha Mbuzi

Kutoka Majengo, Pumwani, hadi baharini ni karibu kilomita 480 kwa barabara, na maji yanayopita jirani ni ya Mto Nairobi, ambamo hakuna mwenye akili timamu atakayepiga mbizi. Hata hivyo, swali linalowagawa wakusanyaji wa saa kuukuu za kupigia mbizi, huko Geneva na London, limekomaa zaidi mtaani humu kuliko katika minada yao. Saa ya mwaka 1953 ikibadilishwa uso, akrabu na kioo, ikasuguliwa hadi mikwaruzo yote ikaisha, bado ni ile ile? Na anayeiuza kwa jina la ile ile, ametenda kosa? Wakusanyaji hulichukulia kuwa swali moja. Naona ni mawili, na kuyachanganya ndiko kunakozaa ubishi usiokwisha.

La kwanza ni jepesi, na nyumba za Majengo zinalijibu. Majengo ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikawa mtaa ambamo Mwafrika aliruhusiwa kujijengea nyumba, na miongoni mwa wenye nyumba wanawake walikuwa wengi. Nyumba zenyewe zilikuwa za fito na udongo, vyumba huku na huku, ukumbi katikati. Udongo haudumu. Mvua ikiuharibu ukuta hukandikwa upya, fito iliyoliwa na mchwa hung'olewa, na paa la madebe yaliyopondwa huondoka likaja la mabati. Baada ya miaka sitini huenda lisibaki donge hata moja la udongo wa mwanzo, na bado jirani humwelekeza mgeni kwa jina la bibi aliyeijenga. Plutarch aliandika kwamba wanafalsafa wa Ugiriki waligawanyika juu ya merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja. Wangeishi Majengo wangejadili jambo jingine. Wanakalamu wa Kiash'ari, yaani wanateolojia wa Kiislamu ambao itikadi yao imesomeshwa kwa karne nyingi mwambaoni mwetu, walikwenda mbali zaidi kuliko Wagiriki hao: walisema sifa za kitu, rangi yake na mwendo wake, hazidumu nyakati mbili, Mungu huziumba upya kila mara. Kwa hesabu hiyo hata saa iliyofungiwa kabatini bila kuguswa na fundi haina sifa hata moja iliyovuka kutoka jana. Tukiiita ile ile, tunaufuata mkufu wa historia yake: nani aliivaa, ikaenda kwa nani, ikatengenezwa wapi.

La pili ndilo zito. Kampuni ya Blancpain iliitengeneza saa ya Fifty Fathoms mwaka 1953 kwa wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa. Jina lake maana yake ni pima hamsini, kama mita 91. Ilikuwa zana. Zana ikichoka hurudi kwa fundi ikatiwa akrabu mpya bila mtu kuona haya, maana mvaaji anataka kusoma dakika gizani kabla hewa haijamwishia. Haya ilianza zana ilipogeuka hazina, uso wa asili ukawa na bei kubwa kuliko mashine iliyo chini yake. Hapo ndipo mtu hupaka rangi mpya ya kung'aa, akaichanganya kwa ustadi iwe na umanjano wa uzee. Mtume (s.a.w.) alikataza viwele vya ngamia, kondoo na mbuzi kufungwa bila kukamuliwa ili mnunuzi avione vimejaa, na aliyedanganyika akapewa hiari ya kumrudisha mnyama pamoja na pishi moja ya tende. Itazame hukumu hiyo kwa makini. Mnyama ni wa kweli, maziwa ni ya kweli, hakuna kiungo kimoja cha bandia. Uongo umekaa katika mpangilio. Kwa hiyo saa iliyoungwa kwa vipuri vya saa nne, vyote orijino, inaweza kuwa na udanganyifu mkubwa kuliko ile yenye akrabu mpya ambazo muuzaji amezitaja. Wauzaji wa Gikomba, hatua chache kutoka Majengo, wana majina ya daraja za mitumba, kamera kwa nguo bora na fagia kwa mabaki, na hakuna aibu kuuza fagia. Aibu ni kuikunja ionekane kamera.

Atasema mtu: mnunuzi ana macho, na mali ikishatoka hairudi. Katika fikihi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, sharti hilo halimwokoi muuzaji aliyeijua aibu iliyofichika akanyamaza. Na saa ni kasha lililofungwa. Macho ya mnunuzi huishia kwenye kioo. Atasema mwingine, na huyu ana hoja nzito zaidi, kwamba basi heri saa isiguswe kabisa, kila mkwaruzo ubaki kuwa shahidi. Ningekubali, lau si radiamu. Nyuso nyingi za zamani zilipakwa rangi yenye madini hayo. Rangi hufa, haing'ai tena, lakini radiamu iliyomo huchukua kama miaka 1,600 kupungua nusu, na vumbi lake likivutwa puani huweza kuua. Mwanazuoni Ghazali alipotaja mambo ambayo sheria imekuja kuyahifadhi, nafsi aliiweka mbele ya mali. Uso wa saa ni mali. Kampuni zenyewe zilihamia kwenye tritiamu, ambayo hupungua nusu kwa miaka 12 hivi, na sioni kwa nini mkusanyaji awe mkaidi kuliko waliotengeneza.

Katika saa nyingi za mbizi zilizofuata, pete inayozunguka kioo huenda upande mmoja tu. Ikigongwa na mwamba ikasogea, humwambia mpiga mbizi kwamba muda mwingi zaidi umepita, naye hupanda juu mapema. Makosa yake yote humwelekeza mtu kwenye usalama. Fundi naye akosee hivyo hivyo: akitilia shaka kama akrabu ni za asili, aseme si za asili, hasara iwe yake. Jambo hili lina uzito hasa kwa zile Rolex zenye jambia usoni, nembo ya Oman, ambazo Sultani Qaboos aliwatunukia watu baada ya kushika utawala mwaka 1970. Nembo ndogo hiyo hupandisha bei mara nyingi, na nembo huchapika. Gereji zetu zina desturi nzuri ambayo minada ingeiiga: mteja hupewa spea ya zamani mkononi, aione. Uso wa radiamu haufai kukabidhiwa hivyo, ukatiwa kwenye mfuko na kuwekwa kabatini, nyumbani penye watoto. Kwa uso huo mmoja mnunuzi hana la kushika isipokuwa picha na neno la fundi.