Lugha Isiyo na Bibi

Wanaopanga lugha za kubuni kwa ugumu mara nyingi huiweka Kiklingoni kati ya zile ngumu. Mwanaisimu wa Marekani, Marc Okrand, aliikuza kwa ajili ya filamu ya Star Trek iliyotoka mwaka 1984, na alikusudia isikike ngeni. Sauti zake nyingine zinakwaruza koo, na mtenda huja mwisho wa sentensi: mtoto akila ndizi, wao husema ndizi amekula mtoto.

Lakini hebu tazama kitenzi chake. Neno "qalegh" ni "nakuona". Kiambishi kimoja cha mwanzo kimembeba anayeona pamoja na anayeonwa, jambo linalomtoa jasho mwanafunzi Mwingereza. Sisi tumesema "nakuona" tangu tukiwa mgongoni mwa mama. Katika Kinavi, lugha ambayo Paul Frommer aliitunga kwa filamu ya Avatar ya mwaka 2009, "taron" ni kuwinda na "tayaron" ni kuwinda kutakakokuja. Wakati umepachikwa tumboni mwa neno, kama -ta- yetu katika "atawinda". Kivaliria cha Juu, lugha nyingine ya kubuni iliyokuzwa na David Peterson, kina ngeli nne: ya mwezi, ya jua, ya ardhi na ya maji. Aliyekulia kwenye ngeli zetu atauliza nyingine ziko wapi.

Kwa hiyo ugumu wa sarufi ni umbali tu kutoka kwenye kizingiti cha anayepima. Upo ugumu mwingine unaonigusa zaidi.

Jioni moja mtoto wa jirani alijikwaa mlangoni kwetu, akachubuka goti. Bibi yake, aliyekuwa ukumbini akichambua mchele, hakuinuka. Alisema "pole", akairefusha ile o, mkono ukabaki hewani juu ya ungo mpaka mtoto akanyamaza. Kamusi nyingi za wageni hulieleza neno hilo kama kuomba radhi. Bibi hakuwa na kosa la kuombea radhi. Mtoto alilipokea neno pamoja na maumivu, sauti na ule mkono, na siku yake ya kumwambia mwenzake itakapofika hatahitaji kamusi.

Lugha ya kubuni haina bibi huyo. Mwanaisimu mmoja Mmarekani aliwahi kumsemesha mwanawe Kiklingoni kwa miaka yake ya mwanzo, mkewe akimsemesha Kiingereza. Maneno ya vita na vyombo vya angani yalikuwepo. Ya vitu vya kawaida vya nyumbani yalipelea. Mtoto alianza kuishika, kisha akaiacha. Simlaumu baba, nadhani alifanya jambo la upendo. Ila mtoto hutafuta lugha ambayo watu wanaitumia kugombana, kubembelezana na kuzikana, na ile ilikuwa na mtu mmoja tu.

J.R.R. Tolkien aliliona pengo hili mapema kuliko wote. Alikuwa mtaalamu wa lugha za kale, akafundisha Oxford, na alianza kuijenga lugha yake ya kubuni, Quenya, ujanani, akivutwa na utamu wa Kifini. Ina irabu tano kama zetu, na kinywa cha Mswahili hakipati taabu kubwa nayo. Lakini irabu hazikumtosha. Alisema mwenyewe kwamba lugha zilitangulia, na hadithi zikaja ili lugha zipate ulimwengu wa kuishi. Akazipa watu, uhamisho, vita vya kushindwa, na msichana Lúthien aliyeacha kutokufa kwake kwa ajili ya Beren, mwanadamu wa kufa.

Mkewe, Edith, alifariki mwaka 1971. Tolkien alitaka jina Lúthien lichongwe kwenye jiwe la kaburi lake, huko makaburi ya Wolvercote, Oxford. Miaka miwili baadaye naye akazikwa hapo hapo, na chini ya jina lake likachongwa Beren.